Gemu Mia Tano za Majengo

Karwirwa alikuwa fundi wa nguo pale Majengo, mjini Meru, na kama kuna mtu aliyeiua gemu ya Abdiqani siku ile ile ilipozaliwa, ni yeye. Hakukusudia. Mdomo ulimtangulia tu, na mdomo wa Karwirwa ulikuwa na mbio kuliko cherehani yake.

Ilikuwa mwaka 1995, siku ya soko. Abdiqani, Msomali, alikuwa na duka la mashuka na mikeka, na Karwirwa alishonea kwenye veranda ya duka hilo. Wiki nzima Abdiqani aliwaimbia wapita njia habari za chumba chake cha nyuma: amekipaka rangi, ameweka mabenchi, ameleta televisheni ya rangi, na juu ya mlango ameandikisha kibao, GEMU 500 NDANI YA KASETI MOJA. Kaseti yenyewe ilikuwa kipande cha plastiki ya manjano. Uliichomeka kwenye mashine, ukashika kidude chenye vitufe, ukamrusha kijana mdogo huku na huku kwenye kioo. Abdiqani aliapa kwamba Meru nzima haikuwa na kitu kama hicho.

Watu wakajaa hadi dirishani. Gemu ya kwanza, kijana aliruka mashimo na kukwepa nyuki, wakashangilia. Ya pili ilikuwa ya ndege, ya tatu ya magari, wakaendelea hivyo mpaka ya sita. Ya saba ilipofunguka, akatokea kijana anaruka mashimo. Wengi hawakutambua chochote. Lakini Karwirwa alikuwa amekata suruali za watu kwa miaka ishirini na mitatu, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja pale jicho la fundi linapokwenda.

"Huyu si ni yule wa kwanza!" alipaza sauti kutoka mlangoni. "Wamembadilishia tu suruali! Ile ilikuwa ya bluu, hii ni ya kijani!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Wakafungua ya kumi na tatu: suruali nyekundu. Wakafungua ya mia mbili na tano: suruali ya bluu tena, ila nyuki sasa walitoka kushoto. Gemu mia tano zilikuwa sita. Watu walitoka wameshika mbavu, na kabla ya jua kushuka akina mama waliouza sukuma wiki sokoni walikuwa wameshampa Abdiqani jina jipya, Mzee Suruali. Abdiqani, mtu wa heshima zake, alifunga mlango mapema.

Jumatatu Karwirwa alikwenda kuomba radhi.

"Abdiqani, pole sana. Hii mdomo yangu iko na shida."

"Mama Igoki, wewe hukudanganya mtu. Kaseti ndio ilidanganya." Akamwonyesha benchi tupu. "Lakini sasa nani atakuja hapa? Kaa basi, cheza wewe. Angalau nisikie hii kitu ikilia."

Alikaa kwa huruma tu. Akashika kidude, akabonyeza, kijana akatumbukia kwenye shimo la kwanza. Akabonyeza tena, akatumbukia tena. Mara ya tano akaruka, na hapo Karwirwa akasikia kitu kifuani ambacho hakukijua jina.

Maana, kwa kweli, alikuwa hajawahi kucheza. Alizaliwa wa kwanza kati ya watoto tisa kule Muthara, na wenzake walipokuwa wakifukuzana na kurushiana mipira ya matambara, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na kuni kichwani. Hakuna aliyemkataza, ila nafasi haikupatikana. Baadaye ikaja ndoa, akaja mtoto wake Igoki, ukaja ujane, zikaja sare za shule za kushona. Sasa ana miaka arobaini na saba, na kidole gumba chake kimegundua kwamba kinaweza kufanya jambo lisilo na faida yoyote duniani, na kulifanya vizuri. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Kila siku saa nne, akiwa eti anapumzisha mgongo, alikuwa chumba cha nyuma. Wateja walianza kunung'unika. Mwalimu Nthiga alikuja mara tatu kuulizia suruali yake.

"Mama Igoki, hiyo trauza ilikuwa ya harusi, na harusi imepita."

"Bwana arusi ulikuwa wewe?"

"Hapana."

"Basi hakuna kitu imeharibika, mwalimu. Keti, nafika kwa nyuki saa hii."

Baada ya wiki tano akawa ameyajua mashimo yote kwa moyo. Siku moja akafika mwisho kabisa, mahali penye nyumba ndogo yenye mlango. Alikuwa amejiambia kwamba nyuma ya mlango ule lazima kuna kitu: nchi nyingine, mashimo mengine, hata mtu wa kumpa hongera. Mlango ukafunguka, kijana akaingia, na gemu ikamrudisha kwenye shimo la kwanza bila hata kumwambia asante. Karwirwa akaweka kidude chini. Ilimuuma, tena sana kuliko alivyoweza kumweleza mtu mzima mwenzake.

Siku hiyo hiyo Abdiqani akamwambia kwamba mwezi ukiisha, chumba kitakuwa stoo ya mikeka.

"Na kukikuja gemu mpya?" Karwirwa aliuliza haraka.

"Zikikuja za ukweli, watu warudi, nitaacha chumba ibaki. Lakini mimi sina nguvu ya kuchekwa mara mbili."

Karwirwa akashikilia hapo. Kila Jumatatu dereva wa lori alimpelekea Mursal, mdogo wake Abdiqani aliyekuwa na biashara Nairobi, karatasi ya vitu vinavyotakiwa. Safari hii Karwirwa aliomba aiandike yeye. Darasa la saba alikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na neno kama gemu, alilolisema mdomoni kutwa nzima, hangekubali kuliweka kwenye barua yenye jina lake. Akaandika kwa herufi nzuri za kulala: "Ndugu Mursal, salamu nyingi. Tafadhali tuletee kaseti za michezo mipya. Ya zamani tumeimaliza na watu wameichoka. Zisiwe za kurudiarudia."

Akangoja. Kila lori lililopiga honi lilimfanya anyanyuke kwenye cherehani. Alhamisi ya wiki iliyofuata boksi likafika, kubwa kuliko alivyotarajia, akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na kanda kumi na mbili za video na kikaratasi: "Mama, salaam. Sikujua huko Meru mnapenda michezo yetu namna hii. Hizi zote mpya, hakuna ya kurudia."

Abdiqani alisoma, akashika kichwa.

"Mama Igoki, uliandika nini?"

"Michezo."

"Michezo! Ukimwambia Msomali kaseti ya mchezo, anajua ni wale watu wa kuigiza, wa jukwaa! Si ungeandika gemu tu?"

"Gemu si Kiswahili sanifu."

"Na hii umeletewa ni sanifu?"

Karwirwa akainamia boksi. Machozi yalikuwa karibu, na aliona haya kuyatoa kwa sababu ya plastiki. Alikuwa ameiua gemu kwa mdomo, na sasa amekuja kuizika kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati huo Jawahir, mkewe Abdiqani, aliingia kuuliza makelele ni ya nini. Akaangalia ndani ya boksi, akatoa kanda moja, akaigeuza, akapiga ukelele uliowafanya wauza nyama wa ng'ambo ya barabara watoke nje na visu. Mchezo ule alikuwa ameutafuta miaka sita. Kabla ya sala ya alasiri mashine ya video ilikuwa imetolewa nyumbani ikaletwa chumba cha nyuma, na kufikia Jumamosi mabenchi hayakutosha. Akina mama wa Majengo walikuja na mito yao na chupa za chai, wakacheka, wakalia, wakawatukana waume wabaya kwenye kioo kana kwamba wanasikia. Waliokuwa hawajui Kisomali walikuja pia, na Jawahir akawatafsiria, kila kichekesho kikawa kinachekwa mara mbili.

Habari ya stoo haikutajwa tena. Karwirwa alikaa benchi la mbele akacheka na wenzake, na alifurahi kweli kwamba chumba kimepona. Lakini macho yalimponyoka yakaenda kwenye mashine ya gemu, iliyowekwa chini ya meza na kufunikwa kitambaa. Jawahir aliyaona.

"Mama Igoki, wewe unataka yako bado."

"Wacha tu. Mimi ni mtu mzima."

"Na mimi ni nini? Jana nimelia juu ya bwana ya mwanamke mwingine, tena wa kuigiza." Akamsukumia kalamu. "Kila asubuhi chumba ni yako. Andika tena. Na uandike gemu."

Karwirwa aliandika gemu. Iliuma, lakini aliandika, tena akaipigia mstari mara mbili.

Kaseti mpya ilifika baada ya wiki tatu, nyeusi, na karatasi juu yake ikidai gemu elfu moja na mia mbili. Abdiqani alikataa kata kata kuandikisha kibao. Asubuhi ile Karwirwa alifungua ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Zote alizijua. Abdiqani akageukia ukutani.

"Usiniambie," akasema.

Karwirwa akafungua ya saba. Kioo kikawa cheusi, kisha likatokea paa la mabati, na juu ya paa paka. Hakuwahi kumwona paka huyo. Hakujua kitufe gani kinamrusha, wala vile vitu vinavyodondoka kutoka mbinguni ni vya kuokota au vya kukimbia. Akabonyeza cha kwanza kilichomjia kidoleni, na paka akatembea taratibu hadi ukingoni, akaanguka.

"Nimekufa!" alipiga kelele.

Jawahir alikuja mbio kutoka uani, mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

"Mimi!" Karwirwa alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na safari hii hakuyaonea haya. "Nimekufa, na sijui hata nimekufa na nini!"

Akabonyeza tena, akafa tena.