Joachim wa Mninga

Mjukuu wangu anasomea unesi. Juzi kaniambia chuoni kwao wana mdoli anayepumua na kulia, hata mapigo ya moyo wake yanasikika. Nikamwambia wa kwetu alikuwa wa mbao ya mninga, hapumui wala halii, na jina lake Joachim. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamwacha acheke, hajui kitu yule.

Tulisomea unesi hospitali ya misheni, mlimani nje ya mji wa Mbeya, miaka ya hamsini mwanzoni. Mimi nilitoka Kilolo, kwetu Uheheni, na blanketi moja na kisanduku cha bati. Kitanda cha pili alilala Tupokigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, msichana mrefu, mpole hadi anakera. Usiku wa baridi tuliunganisha mablanketi, tukalala miguu pamoja. Mpaka leo baridi ikinipiga namkumbuka yeye kwanza.

Joachim alichongwa na Mzee Asukile, fundi seremala wa hospitali. Alimtengeneza vizuri, kiwiko kinakunjika, goti linakunjika, hata vidole. Sista Matilda, mwalimu wetu, alimlaza kitandani, nasi tukamfunga bandeji, tukamgeuza, tukamwogesha, tukamlisha uji kwa kijiko kitupu. Sindano tulijifunzia kwenye gogo la mgomba. Tupokigwe kila akimaliza kumhudumia Joachim alimwambia, "Pole, Joachim." Nikawa namtania.

"Dada, kinyago nacho unakipa pole?"

"Ulimi nao unajifunza, Lea," akanijibu.

Mwaka wa tatu Fanueli, mtoto wa Mzee Asukile, akamchumbia Tupokigwe. Ng'ombe wa mahari walipofika Tukuyu, mambo yakabadilika. Kwao Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hakai alipo. Ni heshima, na ukiivunja umeaibisha nyumba mbili. Basi Tupokigwe akawa anazunguka kule kwenye mibuni ili asipite mbele ya karakana ya mzee. Sista Matilda akadhani ni uvivu, akamgombeza. Mwenzangu akazidi kuzunguka, na mimi kwa ujinga wangu nikaona ni kichekesho.

Mtihani ulikuwa mara moja kwa mwaka. Daktari mkaguzi alipanda kutoka Iringa, na aliyeshindwa alifunga sanduku lake akarudi kwao, hakuna mara ya pili. Siku moja kabla, tulikuwa tukijizoeza kubeba machela na Joachim juu yake. Mvua ilikuwa imenyesha na mimi ndiye niliyekuwa mbele, najifanya hodari, nakwenda mbio. Nikateleza. Joachim akabingirika mpaka mtaroni, mkono ukakatika begani. Mzee Asukile akauokota, akaugeuza-geuza.

"Gundi itataka siku tatu," akasema.

"Basi kesho utalala wewe kitandani, fundi," Sista Matilda akasema. "Ni kufungwa mkono tu, kana kwamba umevunjika."

Tupokigwe hakuwepo pale, alikuwa zamu wodini. Mimi nilikuwepo, na akili yangu yote ilikuwa kwenye hasira ya Sista, nikasahau kabisa kuwa fundi ni mkwewe. Ndiyo maana nasema kosa lile ni langu mara mbili.

Asubuhi nilitangulia kuitwa, nikamfunga Mzee Asukile mkono, nikatoka. Likaitwa jina la Tupokigwe. Akafika mlangoni, akaona ni nani amelala, akageuka na kujifunika uso kwa aproni yake. Akasimama kuelekea ukuta wa baraza. Sista akamfuata, akamuuliza kama anaumwa. Hakuweza hata kueleza, kwa kuwa hata kumtaja mkwe ni vibaya. Nikaeleza mimi. Sista akawa mwekundu kama nyanya.

Daktari akatoa saa yake mfukoni. "Nesi hachagui mgonjwa," akasema. "Siku mkwewe akiletwa amevunjika kweli, atamwacha?"

Jamani, neno lile lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Tupokigwe alilia. Nikasema mimi ndiye niliyemvunja Joachim, nishindwe mimi. Hakuna aliyenisikiliza.

Ndipo sauti ikatoka mle ndani.

"Wewe binti wa Kihehe."

"Naam, baba."

"Aliyelala hapa ni nani?"

Nikasogea mlangoni.

"Ni Joachim," akasema Mzee Asukile. "Nilimchonga mimi, namjua. Mwambie mwenzako Joachim hana mtoto, wala hana mkwe."

Tukasikia kitanda kikilia. Nilipochungulia, alikuwa amejifunika blanketi hadi utosini, mkono mmoja tu umetoka nje.

Tupokigwe aliingia macho yakiwa chini. Akaushika ule mkono, akapanga vibao, akafunga bandeji taratibu, kila mzunguko mahali pake. Daktari akamuuliza mgonjwa kama inabana. Blanketi kimya. Akamuuliza tena.

"Joachim hasemi, bwana daktari," nikasema, na Sista Matilda akashikwa na kikohozi.

Tupokigwe akamaliza fundo. "Pole, Joachim," akasema.

Alifaulu, tena kwa alama zilizonizidi mbali. Akaolewa na Fanueli, na sote tukaajiriwa palepale. Heshima ile ikabaki vilevile. Miaka sita aliishi karibu na mkwewe akizungukia kwenye mibuni.

Mwaka wa hamsini na tisa, wakati wa baridi kali ya Juni, Mzee Asukile akaletwa wodini, mapafu yamejaa maji. Zamu ilikuwa ya Tupokigwe. Nikamwambia tubadilishane, akakataa.

"Mkono wake naufahamu," akasema.

Mzee kila aliposikia viatu vyake, alivuta blanketi usoni. "Joachim amelala," alikuwa akisema, na kutoa mkono. Tupokigwe akachoma sindano, akahesabu mapigo, akampa Joachim pole yake, akaondoka. Siku tisa hivyo. Sauti ya mzee ikawa inapungua, mwishowe ukawa unatoka mkono peke yake. Mimi nilikuwa nakwenda kulia kwenye chumba cha mashuka.

Asubuhi ya siku ya kumi nilikuwa natandika kitanda cha jirani. Nikamwona Tupokigwe amesimama, vidole viko kwenye kifundo cha ule mkono, anahesabu na kuhesabu. Akaacha kuhesabu.

"Lea," akasema, "nifumbie macho yake wewe."

Akageukia ukutani. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikamfumba mzee macho. Kisha Tupokigwe akarudi, akaunyoosha ule mkono, kidole kimoja kimoja, mpaka dole gumba lenye kovu la patasi, akauweka kifuani juu ya blanketi. Nikangoja aseme kama siku zote.

"Pole, baba," akasema.