Kilichompeleka Celestine Bunge la Kaunti

Kabla ya kuitwa mheshimiwa, Celestine Nekesa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Riyadh, na kabla ya hapo alikuwa mpiga debe wa Robinson. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

Mwaka 2013, kwao magharibi mwa Kenya, alizunguka boma kwa boma akimnadi Robinson awe mwakilishi wadi. Watu walimsikiliza Celestine kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwaogeshea wagonjwa wao na kuwatekea maji. Wakampa Robinson kura. Kumbe alipokwisha kuapishwa, akafungua ofisi ya kupeleka wasichana Uarabuni.

"Kazi safi, dada yangu," akamwambia Celestine. "Wewe tangulia, wenzako watakufuata."

Na kweli walimfuata. Mmoja wao alikuwa Magdaline, binti wa jirani yake, aliyepelekwa kwenye nyumba moja mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah.

Celestine alipata kafili, yaani mwajiri, mwenye utu, aliyemruhusu kutoka Ijumaa. Ijumaa hizo ziliishia mtaa wa Batha, hapo hapo Riyadh, miongoni mwa Wakenya wenzake. Huyu kafukuzwa hana pa kulala, yule anaumwa hajui aende wapi. Wote walimwendea yeye. Ndipo siku moja Magdaline akampigia kwa sauti ya kunong'ona. Madam alikuwa amemmwagia mafuta ya moto mkononi, na hospitali hataki kumpeleka.

Celestine akampigia Robinson papo hapo.

"Mwambie avumilie," mheshimiwa akajibu. "Mkataba ni mkataba. Tutaongea nikifika huko."

Akafika kweli, Ijumaa iliyofuata, kuonana na mawakala wake. Akawaandalia Wakenya chakula cha mchana katika mkahawa mmoja wa Batha, akasimama mbele ya madereva na walinzi, akasema serikali yao inawapenda. Celestine naye akasimama. Akainua simu juu, spika imewashwa.

"Magdaline, sema. Mheshimiwa anakusikia."

"Mkono umeanza kunuka," sauti ikasema. "Nawaomba, nitoeni hapa."

Watu wakaacha kutafuna. Robinson akacheka kidogo. "Dada, siasa tuache nyumbani. Hapa tunakula."

"Kula!" Celestine akafoka. "Mimi nilikuombea kura kwa mama yake huyu mtoto, mlangoni pake! Ukamuuza, na leo unaniambia kula?"

Mlinzi mmoja, Paul, alikuwa amerekodi kila neno. Kabla jua halijazama, video ilikuwa imefika kijijini, na akina mama wakaizingira ofisi ya Robinson. Aibu ndiyo iliyomsukuma, si huruma: akampigia wakala wa Jeddah, Magdaline akatolewa na kupelekwa hospitali. Lakini walikuwa wamechelewa. Daktari alimkata vidole viwili.

Mkataba ulipokwisha, Celestine alirudi nyumbani akiwa na nia ya kufungua duka. Akamkuta Magdaline, aliyekuwa amekwisha kurudishwa kwao, akihangaika kufunga leso kiunoni, vidole vilivyobaki havishiki. Alitoka pale, akaenda kuwaambia akina mama kwamba atapambana na Robinson mwenyewe. Mwaka 2017 akamshinda.

Bungeni alileta hoja kwamba wakala yeyote anayesafirisha watu awajibike kwa yatakayowapata. Spika akamsihi apunguze hasira.

"Hasira hii si yangu peke yangu, Bwana Spika. Nimetumwa nayo."

Marafiki wa Robinson wakaiangusha hoja. Celestine akatoka akisaga meno. Kesho yake asubuhi yeye na akina mama wakaketi mlangoni pa ofisi ile ya Robinson ya kupeleka wasichana Uarabuni, Magdaline katikati yao. Walirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Msichana akija kujiandikisha, Magdaline alimwonyesha mkono wake, akamweleza yote bila kuficha. Wengi waligeuka hapo hapo wakarudi makwao. Mwishowe mwenye jengo akachoka, akamtoa Robinson na viti vyake.