Fundi Kavu avunja bafu lake kwa mara ya pili

Saa mbili asubuhi, Fundi Kavu amepiga magoti mlangoni mwa bafu la nyumba yake. Mkono mmoja umeshika tindo, mwingine nyundo. Anagonga kizingiti alichokijenga mwenyewe, na kila kipande kinachobanduka anakitia kwenye ndoo taratibu, bila kukitupa.

Kizingiti hakitaki kutoka. "Nilikijenga kama mtu anayejenga bwawa," anasema, akipangusa jasho kwa kiganja. "Sasa acha kinitoe jasho. Nimeyataka mwenyewe."

Kwenye mfuko wa shati lake kuna kiberiti, ingawa havuti sigara na jikoni kwake wanapikia gesi. Kila baada ya muda anakitoa, anakilaza sakafuni, anakipigia jicho, kisha anakirudisha mfukoni. Hicho ndicho kipimo cha kazi hii. Ndicho kimo ambacho mama yake mzazi anaweza kuinua mguu wa kulia.

Mama huyo hayupo. Chumba chake, kilichopakana na bafu, kina kitanda kilichotandikwa vizuri na mlango ulio wazi. Anaishi kwa binti yake, na mwanawe anavunja sakafu nzima akitumaini kwamba atarudi.

Jina la Fundi Kavu hakupewa kwa mzaha. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake imekuwa kuzuia maji kwenye mabafu ya watu na kubandika vigae. Hukwangua sakafu, huirudishia saruji yenye mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, kisha hupaka dawa ya kuzuia maji mara mbili. Baada ya hapo huziba tundu, hujaza maji sakafuni na kuyaacha yalale mpaka kesho yake. Yasipopungua, ndipo anapofungua gundi ya vigae.

"Mimi nikipita, pakavu," alizoea kuwaambia wateja, na walimwamini. Siku hizi hajigambi tena.

Ni kazi isiyo na uhakika. Mwezi mzuri hupata mabafu matatu, mwezi mbaya hapati hata moja, na magoti yanauma miezi yote sawasawa. Kwa kipato hicho yeye na mkewe walipanga chumba kimoja kwa miaka mingi, jirani na bafu la wapangaji wote. Mtu akioga kwa fujo, maji yalipita chini ya mlango wao. Godoro waliliinua juu ya matofali, na bado liliwahi kulowa.

"Fikiria," anasema. "Mchana nawakaushia watu nyumba zao, jioni narudi kwangu nakuta viatu vinaogelea. Nikaapa. Nikipata nyumba yangu, maji hayatavuka hata tone."

Nyumba waliipata. Ilikuwa kuukuu, plasta imevimba, milango haifungi, paa lina matundu. Mtu mwingine angeanza na paa. Fundi Kavu alianza na bafu.

Mkewe, anayesikiliza akiwa anakunja nguo sebuleni, hawezi kunyamaza hapo. "Madirishani tulikuwa tumetundika magunia, lakini bafu linang'aa," anasema. "Wageni wakija, mwenzangu hawaambii karibuni mketi. Anawaambia vueni viatu, njooni muone bafu. Nilidhani ipo siku atawapa chai humo humo."

Anacheka, na mumewe anatabasamu kidogo, kisha anarudi kwenye tindo lake.

Bafu lenyewe, kwa jicho la fundi, halikuwa na kasoro. Vigae vyake viling'aa kiasi cha mtu kujiona. Bomba la mvua lilifungwa na rafiki yake wa tangu ujana, fundi bomba ambaye watu humwita Koki. Na mlangoni palikuwa na kizingiti, kimo chake karibu nusu ya muundi wa mtu mzima, ili maji yakijaa yasipate njia ya kutokea.

Nyumba ilipokalika, alimchukua mama yake, ambaye alikuwa akiishi peke yake na goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Akampa chumba cha pembeni mwa bafu makusudi, asitembee mbali. Choo kilikuwa chumba kingine, mkabala, kisicho na kizingiti chochote.

Siku ya kwanza bibi huyo alisimama mlangoni mwa bafu, akashika mwimo, akatazama ndani muda mrefu. "Hongera, baba," alimwambia mwanawe. "Hata wenye mali zao hawana bafu kama hili." Fundi Kavu anakumbuka jinsi kifua kilivyomvimba. Kila alipomuuliza kama anaoga vizuri, alijibiwa, "Naoga, baba. Bafu zuri sana."

Baada ya miezi michache, ukuta wa chumba cha mama ulianza kubadilika rangi chini, upande ule ule unaopakana na bafu. Kwanza ilikuwa alama ndogo. Ikapanda. Rangi ikabanduka, na chumba kikaanza kunuka unyevu.

Kwa mtu mwingine hiyo ni kero tu. Kwa Fundi Kavu ilikuwa aibu isiyosemeka. Alilala akiiwaza na kuamka akiipapasa. Akamwita Koki na kumwambia bila kupindapinda kwamba bomba lake linavuja ndani ya ukuta.

"Nilipima mbele yako," Koki alijibu.

"Basi maji haya yametoka mbinguni?"

"Sijui yametoka wapi, ila kwangu hayajatoka. Na wewe mwenyewe ulijaza maji yakalala, hayakupungua. Tumia akili, ndugu yangu."

Hakuambilika. Walirushiana maneno mpaka Koki akafunga mfuko wake wa vifaa na kuondoka. Hawakusalimiana tena kwa muda mrefu, wao waliokuwa wakigawana chakula cha mchana kwenye kifuniko cha ndoo.

Fundi Kavu akaanza kuvunja vigae vyake mwenyewe kutafuta panapovuja. Alivunja kona ya kwanza, akakuta pakavu. Akavunja chini ya bomba la mvua, pakavu. Kila alipokuta pakavu hasira ilizidi, kwa sababu ule ukuta wa upande wa pili ulikuwa bado umelowa.

Ni katikati ya uvunjaji huo ambapo mama yake alitokea ukumbini na kusimama nyuma yake. Fundi Kavu anaisimulia sehemu hii akiwa ameweka nyundo chini.

"Aliniita. Akasema, baba, nilikuwa na neno. Mimi hata sikugeuka. Nikamwambia, mama, haya mambo ya kifundi, nenda kapumzike." Anatazama nyuma, kule ukumbini. "Kama ningegeuka tu. Kugeuka shingo kunagharimu nini?"

Siku chache baadaye mama aliomba kwenda kukaa kwa binti yake, akisema amewakumbuka wajukuu wa kule. Mwana alimsindikiza na kumbebea sanduku. Anakiri kwamba moyoni alipata nafuu: chumba kingekuwa wazi, angeupasua ukuta ule kwa nafasi. Kwanza, hata hivyo, aliitwa kwenye kazi ya mteja, ikamchelewesha wiki kadhaa.

Aliporudi na nyundo yake, ukuta ulikuwa umekauka.

Aliupapasa kwa viganja. Akaugusa kwa shavu. Bafuni walikuwa wameendelea kuoga kila siku, upande ambao hakuuvunja, na maji yalikuwa yakimwagika kama kawaida. Lakini chumba cha mama, kisichokuwa na mama, kilikuwa kikavu.

Akavuta kitanda. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na beseni lililofunikwa vizuri, kopo, na kitambaa cha kupangusia sakafu kilichokunjwa mara nne. Alikaa juu ya kitanda. Mkewe alipoingia na kuona beseni, aliweka mkono mdomoni.

"Mimi nilikuwa nasikia maji alfajiri," mkewe anasema sasa, bila utani wowote. "Nikajua yuko bafuni. Nikasema bibi anawahi kuoga, hataki kupanga foleni na sisi. Sikuwahi kuinuka nikatazama. Hilo nami linanikaa rohoni."

Fundi Kavu alikwenda kwa dada yake siku iliyofuata. Alimkuta mama amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, anashona kifungo cha shati la mjukuu. Alimwamkia, akaketi chini kando ya miguu yake.

"Mama, ulikuwa unaogea chumbani?"

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Nilijaribu bafu siku moja, baba. Mguu wa kushoto ukapita, huu wa kulia ukagoma. Nikashika ukuta, ukuta unateleza. Nikasema nitaanguka humu ndani, mwanangu aje aniokote uchi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unafurahi. Kila mgeni unamleta alitazame, halafu mimi ndiye nije kulitia dosari?" Alikata uzi kwa meno. "Maji nilikuwa napangusa. Nilidhani napangusa yote. Nilipoona unavunja kwa sababu yangu, nikaja kukuambia."

"Nikasemaje?"

"Ulisema nikapumzike. Nikaenda kupumzika."

Hakuisema kwa kisirani, mwanawe anasisitiza, na ndiyo maana ilimkata maini. Alilia pale barazani, mtu mzima mwenye mvi, mpaka wajukuu wakaitwa ndani.

Alimwomba mama warudi wote nyumbani siku ile ile. Mama alikataa kwa upole. Alisema ameshazoea kule, na kwamba asingependa kubebwa kama mtoto kila asubuhi ili aoge. Kabla ya kuondoka, Fundi Kavu alimwomba ainue mguu wa kulia kadiri awezavyo. Dada yake akasukuma vitu mbalimbali chini ya unyayo, vyote vikagota. Kilichopita ni kiberiti, kikiwa kimelazwa.

"Goti lake nilikuwa nalijua," anasema. "Nilikuwa nikimwona akishuka ngazi upandeupande. Lakini nilipokuwa najenga nilifikiria maji tu. Maji, maji. Mguu wa mtu sikuufikiria."

Kazi anayoifanya sasa ni ngumu kuliko ya mwanzo. Kizingiti kikiisha, sakafu yote itachimbwa na kurudishiwa saruji inayoteremka kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbali. Mlangoni atatia mfereji mwembamba wenye kifuniko cha matundu, wa kudaka maji yatakayopotea njia. Dawa itapakwa upya. Vigae vinavyong'aa havitarudi; ameshanunua vingine vidogo, vyenye kukwaruza unyayo.

Koki naye amerudi. Fundi Kavu alimfuata nyumbani kwake kuomba radhi, na fundi bomba huyo hakumrahisishia.

"Nilimwacha asimame mlangoni kwanza," anasema Koki, ambaye leo anafunga ukutani chuma cha kushikilia na bomba la chini, la mtu anayeoga ameketi. "Alinivunjia heshima kwa kosa la beseni. Lakini nikamwona alivyo, nikasema huyu adhabu yake ameshaipata, mimi niongeze nini?"

Anakijaribu kile chuma kwa kuning'inia kwa uzito wake wote. Hakitikisiki. Fundi Kavu anakijaribu tena, yeye mwenyewe, kana kwamba hakuona.

Mchana simu inapigwa, na Fundi Kavu anaiweka wazi ili mkewe naye asikie. Ni mama. Anauliza kama wamekula, anauliza habari za watoto, anauliza kama Koki yupo na kumsalimia.

"Mama, nimekitoa kizingiti," anasema Fundi Kavu. "Nilitaka niache kidogo tu, kimo cha kile kiberiti. Nimeona hapana. Patakuwa sawa kabisa, utapita kama unavyopita barazani."

"Vizuri, baba. Maana goti lenyewe kila siku linazidi kugoma."

"Utakuja?"

Koki ameacha kugonga. Mke amesimama na shuka mkononi.

"Nitakuja kuoga, baba," mama anajibu. "Kulala, tutaona."

"Njoo uoge, mama. Mimi nitakaa nje ya mlango. Ukiniita, nitageuka."