Spika za Lori la Sylvère

Ukiingia mtaa wa Buyenzi ukauliza mshona viti vya magari, utaonyeshwa Kaltum. Mafundi wanamwita Mama Hiba, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ana miaka hamsini na miwili, na cherehani yake iko pembeni mwa gereji, chini ya bati moja na makanika. Marehemu baba yake alikuwa akishona maturubai ya malori, naye alikulia humo, akishika uzi na kuuliza maswali mpaka mzee anachoka. Lakini kwa miaka ishirini mafundi wenzake walimhesabu kuwa mtu wa vitambaa tu. Gari likiwa na shida ya kweli, hakuna aliyemgeukia.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, Sylvère alileta lori lake lishonwe kiti. Sylvère ni dereva wa Musaga, anabeba madumu ya mawese kutoka Rumonge, na lori lake ni la zamani sana.

"Mbona uso umekukunjamana hivyo?" Kaltum alimuuliza.

"Bafle, hizi spika za milangoni, Mama Hiba. Zimekufa tena, mara ya tatu! Mvua ikinyesha zinakoroma kama mutu mwenye mafua, kisha kimya. Na njia ile bila muziki, mi nasinzia."

Mazin, fundi wa redio aliyezifunga mara zote tatu, aliinua kichwa. "Lori la zamani ni la zamani. Nimepaka silikoni kila pahali. Nifanye nini tena?"

Kaltum alipanda ndani ya lori. Alipokuwa anakitoa kiti, mkono wake uligusa kava la ndani la mlango. Chini lilikuwa limeloa, linanuka ukungu.

"Sylvère, niachie na milango hii mpaka jioni."

"Milango? Si we ni fundi wa viti?"

Mazin aliangua kicheko. Makanika wawili wakaweka spana chini waje kutazama. Kaltum alisikia masikio yakimwaka moto, lakini alichukua bisibisi akaanza kufungua.

Kava lilipotoka, alijaza jagi maji akayamimina polepole juu ya kioo, kisha akachuchumaa na kumulika ndani kwa simu. Maji yaliteremka na kioo, yakapenya pale mpira wake ulipochakaa, yakaingia mlangoni. Hilo halikumshtua, mlango wowote huingiza maji kidogo, ndiyo maana una vitundu chini vya kuyatoa. Ila vitundu hivi vilikuwa vimezibwa na matope, na juu ya matope, silikoni. Maji yakajaa kama kwenye beseni. Nailoni ya nyuma ya kava, ya kukinga maji, ilikuwa imechanwa. Na tone baada ya tone lilifuata waya, likaishia mgongoni mwa spika.

"Mazin, njoo utazame."

Mazin akachuchumaa. Kicheko kilimwishia palepale. "Silikoni yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulitaka kuyazuia, ukayafungia ndani. Tuyape njia yatoke."

Kaltum akazibua vitundu kwa msumari. Akabadilisha mpira wa kioo. Akakata dumu la plastiki, akatengeneza kofia mbili za kukinga spika kwa juu, chini akaziacha wazi. Akashona nailoni nzito kwa vipimo vya mlango, akaziba matundu ya sindano kwa gundi, na ncha yake ya chini akaiingiza ndani ya bati la mlango ili maji yaangukie kwenye vitundu. Waya akaulegeza uning'inie chini ya spika, tone lidondoke kabla ya kufika. Mazin alifunga spika nyingine, kila skrubu akimuuliza Mama Hiba kwanza.

Alhamisi mchana mvua ilishuka, ile ya kugeuza barabara kuwa mto. Kaltum alisimama kizingitini, akiitazama barabara. Mara akasikia kwaya. Sauti zilikuja kabla ya lori lenyewe, za kiume na za kike, safi, bila kukoroma hata kidogo. Lori likatokea likitiririka maji, na chini ya milango yake vijito viwili vikimwagika kupitia vitundu.

"Mama Hiba!" Sylvère alipiga kelele dirishani. "Kutoka Rumonge! Mvua njia nzima!"

Alishuka akalifungua kava mwenyewe mbele ya watu. Kaltum akapitisha kiganja nyuma ya spika, akakiinua juu. Kikavu. Gereji nzima ikapiga makofi, na makanika mmoja akapiga spana kwenye rimu kama ngoma. Kaltum alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata Mazin alikuja na mwenye pikapu kuukuu inayovuja.

"Mama Hiba, nikushikie taa?"

"Apana," alisema Kaltum, akimkabidhi jagi. "Taa nashika mi. We mimina maji."