Konokono wa Shimo la Baba

Jirani anachimba kisima, na harufu ya udongo wa chini imeingia hadi jikoni kwangu. Ni kama chokaa baridi. Inanirudisha kwenye shimo la baba, kijijini kwetu Nzega, mwaka ule mvua ilipogoma na ng'ombe wakawa wanalala wasiamke.

Baba alichimba, sisi watoto tukavuta ndoo. Asubuhi moja udongo ulipanda na konokono waliogeuka mawe, wadogo kama punje za uwele. Baba alipiga kelele ya furaha kutoka chini.

"Konokono hakai pakavu! Maji yako karibu!"

Kadiri alivyoshuka ndivyo walivyozidi kuwa wakubwa, hadi mmoja akajaa kiganja changu, na baba akazidi kucheka. Maji hayakuonekana.

Bibi, mama yake baba, aliwapanga juu ya jiwe la kusagia kwa mfuatano wa kutoka kwao shimoni. Aliwatazama sana. Kisha akainama mdomoni mwa shimo.

"Mwanangu, unachimba kurudi nyuma, kwenye miaka ya kale. Hao wakubwa ndio waliokuwa na maji. Hawa vijitoto wa juu ndio walioyaona yakiisha. Juu yao hakuna mwingine."

Chini, sururu ilisimama. Nilimtazama mdogo wangu mgongoni kwa mama. Umri wa kutembea ulishamfika, naye bado alibebeka kama aliyezaliwa juzi.

Halafu sururu ikaanza kugonga tena. Baba alikuwa anawafuata wale wakubwa.