Mwaka Walioifunga Timu ya Wanaume

Elkanah Rotich alitoka Kabiyet, kule Nandi, mwaka wa 1980, akaja kukimbia katika timu ya chuo kikuu kimoja karibu na Fairfax, Virginia. Alikuja bila koti la baridi. Hakujua kwamba Wamarekani hufanya mazoezi hata theluji ikianguka. Alipokuwa mwaka wa tatu timu yao ilitwaa ubingwa wa mbio za nyika, mara ya kwanza na ya pekee katika historia ya chuo hicho, na picha yao ikatundikwa katika ukumbi wa michezo: vijana saba wenye matope mpaka magotini, yeye kando kabisa, akitabasamu kwa haya. Alipohitimu, kocha wake, mzee Peterson, alimwomba abaki amsaidie. Peterson naye alipostaafu, Elkanah akarithi timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, pamoja na ofisi isiyo na dirisha.

Alimwoa Jeptoo, aliyekuwa akihudumia wazee katika makao yao huko Springfield, wakapata binti, Cherono, aliyeelewa kila walichosema na kuwajibu kwa Kiingereza. Mara mojamoja Elkanah alirudi nyumbani kutafuta wakimbiaji. Ndivyo alivyompata Kipchumba. Alikaa sebuleni kwa mama yake kijana huyo, mjane, akanywa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, pamoja na wajomba, akasema, "Nitamwangalia kama mwanangu."

"Sina mwingine, mwalimu," mama akajibu.

Kipchumba aliingia chuoni mwaka wa 1997. Alikuwa mpole, mwenye hatua ndefu, na kila Jumapili alikula ugali kwa Jeptoo.

Februari iliyofuata Elkanah aliitwa na mkurugenzi wa michezo, mama mmoja aitwaye Lorraine. Hakumzungusha.

"Tunaifunga timu ya riadha ya wanaume, na ya mieleka pia. Chuo hakiwezi kuziendesha zote. Bodi imeshaamua."

"Lini?"

"Msimu ukiisha, mwezi wa tano. Timu ya wanawake inabaki, na wewe unabaki nayo. Ila usiwaambie vijana. Bodi itatangaza yenyewe. Habari zikivuja, sitaweza kukutetea."

Elkanah alitaka kumtaja Kipchumba, ambaye masomo yake yote yalilipiwa na mbio zake. Alitazama mikono yake, akasema, "Nimeelewa."

Jioni hiyo alimweleza mkewe. Jeptoo aliacha kusugua sufuria.

"Waambie, Baba Cherono."

"Nikiwaambia nitaondolewa. Nitabaki na nini? Sijafanya kazi nyingine tangu nije nchi hii."

"Na yule mtoto wa watu?"

"Nitamtafutia chuo kingine kimyakimya."

Hakumtafutia. Kila alipoinua simu aliwaza kwamba makocha wanafahamiana na maneno yangemrudia Lorraine, akairudisha chini. Aliendelea kuwapangia vijana mazoezi ya msimu ambao hautakuwa na mwingine baada yake. Walipomuuliza kuhusu mwaka ujao aliwajibu kwamba waumalize huu kwanza. Kipchumba alikuwa akiimarika wiki baada ya wiki. Mvua za Machi zikaisha, miti ya chuo ikachanua, na Elkanah akawa halali vizuri.

Mwezi wa nne bodi ilitangaza. Kipchumba aliisoma habari katika gazeti la wanafunzi, akaja uwanjani akiwa bado na nguo za darasani. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye nyasi, hakuna aliyefunga viatu.

"Kocha, hii maneno ulijua?"

Elkanah angeweza kusema hapana. Lorraine asingemwumbua.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Kipchumba alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza mahali panapouma mwilini mwake. "Na Jumapili zote nimekula kwako," akasema, akaondoka.

Sasa Elkanah alipiga simu kila mahali alikoweza. Kocha mmoja wa Kansas, aliyewahi kushindana naye zamani, alimsikiliza mpaka mwisho. "Kijana ninamtaka," alisema. "Lakini nafasi yangu ya mwisho niliitoa mwezi uliopita. Ungenipigia Februari, Elkanah." Wengine walisema hayohayo kwa maneno mengine. Wale Wamarekani wa timu wangeendelea na masomo, kwa kuwa walikuwa na wazazi wa kuwalipia karo. Kipchumba hakuwa na wa kumlipia.

Mashindano ya mwisho yalikimbiwa chini ya manyunyu, mbele ya watazamaji wachache. Katika mita elfu kumi Kipchumba aliongoza tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali. Jepkosgei, nahodha wa wanawake, alikuwa ukingoni akimpigia makofi kila alipopita. Ikiwa imebaki mizunguko michache, Kipchumba alipunguza mwendo, akatoka nje ya mstari, akamwendea kocha wake. Alivua jezi, akaikunja vizuri ingawa ilikuwa imelowa, akamkabidhi.

"Hii ni ya chuo," alisema.

Elkanah aliipokea. Wakimbiaji wengine walipita, na maji yakawarukia wote wawili.

Kipchumba hakurudi tena kula kwa Jeptoo. Mwezi wa sita ilisikika kwamba amekwenda Texas kwa binamu yake, anapakia mizigo katika ghala, na kibali chake cha mwanafunzi kimekufa. Jeptoo hakumlaumu mumewe kwa maneno. Jumapili alipika kama kawaida, na fungu la Kipchumba likabaki sufuriani.

Karibu na Krismasi simu ililia. Ilikuwa mama yake Kipchumba, akipiga kutoka posta ya Kapsabet.

"Mwalimu, nimepiga kukushukuru. Kijana ameniambia anakimbia vizuri na masomo yanaendelea. Mungu akubariki."

Elkanah aliketi. Aliona kwamba ameshanyamaza mara moja, na akaona matunda yake. Hakutaka kunyamaza tena.

"Mama," alisema, "timu ilifungwa. Kipchumba hayuko chuoni. Yuko Texas, anafanya kazi."



"Na wewe ulikuwa wapi?" mama akauliza.

Kabla hajajibu, muda wa simu ulikwisha.

Siku chache baadaye Kipchumba mwenyewe alipiga. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Mama amelazwa kwa presha. Nilikuwa nampa moyo mpaka nijipange. Ulipotakiwa kusema ulinyamaza. Hili ndilo ulilopaswa kulinyamazia."

"Kipchumba, nisikilize..."

Alikuwa ameshakata.

Jeptoo, aliyekuwa mlangoni, aliuliza, "Amesemaje?"

"Amesema kweli," Elkanah akajibu.

Mama alitoka hospitalini baada ya mwaka mpya. Habari hiyo Elkanah aliipata kwa mtu wa kanisani. Msimu wa 1999 alifundisha wanawake peke yao, na Jepkosgei akashinda mita elfu tano. Watu walimpongeza kocha wake, naye akawapa mkono mmoja mmoja, akiitikia kwa sauti ya chini. Mara mbili alimwandikia Kipchumba huko Texas. Barua zote mbili zilirudi zikiwa hazijafunguliwa.