Chunjua za Pweza wa Irine

Pale kijijini Mamba, milimani, mbegu ya tangawizi haiingii shambani mpaka Eliakunda aikague. Huikwangua kwa ukucha, huinusa, kisha humtazama usoni aliyeileta, maana huyo humwamini kidogo kuliko mbegu yenyewe. Wenzake wa kikundi cha wakulima wamemnunia sana kwa tabia hiyo, na kila msimu wa kupanda wanamfuata vilevile.

Basi binti yake Irine aliporudi nyumbani na kusema mwaka huu pia hamalizi chuo, sababu ni utafiti wa pweza, Eliakunda hakumeza hata nusu ya maneno yale. Pweza! Mtoto wa milimani! Hapo kuna mwanamume, au amefukuzwa.

"Ni wa kilindini, mama, hata mwanga haufiki. Yupo anayejulikana, chunjua zake zinaishia mgongoni. Za hawa wangu zinashuka mpaka kwenye mikono. Ni aina nyingine kabisa, haijapewa jina."

"Nionyeshe. Nikikukuta na uongo, huko hurudi. Tutalima wote tangawizi."

Irine akapanga picha sita mezani, kila moja na pweza wake. Eliakunda akavaa miwani, akainama.

"Huyu hana chunjua. Amenyauka tu."

"Mama!"

"Mlimhifadhi kwenye nini?"

"Spiriti."

"Ndiyo iliyomkausha. Tangawizi ikinyauka hujikunja hivihivi, asiyejua akadhani ni macho ya kuchipua. Chunjua husimama peke yake. Hii ni mikunjo." Akaiondoa picha ile. Akatoa ya pili, na ya tatu.

Irine akazibeba mpaka dirishani, akazitazama upya, midomo ikaanza kumtetemeka. Eliakunda alimwona, na ile shaka ya mwanamume ikamtoka: hakuna anayelilia uongo wake namna ile. Alimwonea huruma, lakini macho yake hayakujua kuhurumia. Akatoa ya nne, akatoa ya tano.

"Niachie hata mmoja, mama."

Ile ya mwisho aliikodolea macho mpaka chai ikapoa. Akaikwangua kwa ukucha, kwa mazoea tu. Chunjua zilikuwepo, mojamoja, mpaka katikati ya mikono.

"Huyu ni wa kweli," akasema.

Irine akaangua kilio.

"Nyamaza, mwanangu. Mmoja hatoshi kuitwa aina mpya, hata mimi nisingekuamini. Kesho panda gari, urudi chuoni ukamtafute mwenzake."